Rangi mbili zinagombania ukuta mmoja: mwongozo kamili wa kuchagua bila kubahatisha

Watu wengi hawakwami kwenye rangi kumi, wanakwama kwenye mbili. Kumi unazipunguza fasta tu, hii inawaka sana hapana, hii imepooza hapana, mwisho unabaki na mbili ambazo hazina hata undugu, moja krimu na nyingine bluu nzito inayokaribia weusi, na zote unazipenda. Hapo ndo mtu anaganda, anauliza kila anayeingia nyumbani, kila mmoja anasema lake, na fundi anapiga simu kuuliza anunue ipi. Nitatumia hiyo jozi ya krimu na bluu nzito kama mfano mpaka mwisho, ila ukiwa na jozi nyingine, kijani na chungwa, kijivu na damu ya mzee, hatua ni zilezile.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezeane muda: hao wote unaowauliza hawawezi kukusaidia, na kile kikadi cha dukani nacho hakiwezi. Anayejua jibu ni chumba chenyewe, kwa mwanga wake, kwenye saa zile unazokitumia. Kazi yako ni kukiuliza vizuri.

Hatua ya 1: andika saa kabla ya rangi

Chukua karatasi uandike hicho chumba kinatumika saa ngapi hasa. Sebule ya watu wanaotoka asubuhi na kurudi jioni ni chumba cha usiku, hata kama ina madirisha makubwa namna gani. Chumba cha kulala ni cha alfajiri na usiku. Sasa utakuta mtu anachagua rangi ya chumba cha kulala saa saba mchana jua linawaka, wakati saa saba mchana yeye hayumo humo labda awe anaumwa. Rangi aliyoipenda saa ile hatakaa aione tena.

Alafu andika dirisha limeangalia wapi. La mashariki linaleta mwanga wa manjano asubuhi, baadaye mchana chumba kinapoa na mwanga unakuwa na ubluu kwa mbali. La magharibi ni kinyume chake, asubuhi chumba kimetulia alafu jioni kinapata uchungwa. Dirisha lisiloona jua moja kwa moja linapokea mwanga wa anga tu, na huo una ubluu kutwa nzima, ndo maana kwenye vyumba vya namna hiyo krimu inapauka na wakati mwingine inaonekana kijivu chafu, na bluu inazidi kuwa ya baridi. Chungulia na nje kuna nini. Mti wenye majani mengi mbele ya dirisha unamwaga ukijani ndani, ukuta wa jirani wa matofali mekundu unarusha wekundu, na hivyo vyote vinatua kwenye rangi yako.

Malizia karatasi kwa kuorodhesha vitu ambavyo hubadilishi: sakafu, milango, kochi, pazia, kabati. Hivi ndo vina kura nzito. Ukuta unapakwa upya wikendi moja, vigae vya sakafu hung'oi kwa sababu ya kopo la rangi.

Hatua ya 2: soma kadi kama fundi anavyosoma

Nyuma ya kadi nyingi za rangi, au kwenye tovuti ya kampuni, kuna namba imeandikwa LRV. Inakwambia rangi hiyo inarudisha mwanga kiasi gani, kuanzia 0 ambayo ni giza tupu mpaka 100 ambayo ni weupe kamili. Krimu nyingi ziko kama 75 hadi 85, bluu nzito mara nyingi ni chini ya 10. Maana yake kwenye maisha ni kwamba krimu inachukua mwanga wa taa na kuurusharusha ukutani mpaka kona ya mbali, bluu inaumeza. Kwahiyo ukichagua bluu kwa kuta zote nne jua kabisa kwamba umechagua na taa za kuongeza, taa moja ya katikati ya dari haitatosha, utahitaji ya pembeni ya kochi na pengine ya ukutani. Kama huna mpango wa kugusa umeme hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Kama rangi zako mbili zina LRV zinazokaribiana, mfano kijani na chungwa zote ziko kwenye 40, basi ugomvi wao hauhusu giza na mwanga, unahusu joto na ubaridi, na chumba kitakuwa na mwanga uleule kwa yoyote utakayochagua. Njia ya haraka ya kujua kama huna namba: zipige picha pamoja, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Zikitoka kijivu kimoja, zinalingana kwa mwanga.

Kuna na rangi iliyojificha ndani. Krimu hazifanani bana, kuna yenye upinki, kuna yenye ukijani, kuna yenye umanjano, na ukiitazama peke yake huoni kitu. Weka kadi juu ya karatasi nyeupe ya printa, alafu weka krimu tatu tofauti pembeni yake, hapo inajitaja yenyewe. Bluu nayo hivyohivyo, kuna inayoegemea zambarau na kuna inayoegemea kijani. Hii ndo inayokuja kugombana na sakafu, kwa mfano krimu ya upinki juu ya vigae vyenye umanjano inafanya vigae vionekane vichafu, na utadeki mpaka uchoke.

Hatua ya 3: malizana na balbu kwanza

Hii watu wanairuka alafu wanamlaumu muuza rangi. Kwenye boksi la balbu kuna namba inaishia na K. 2700K ni mwanga wa manjano wa kupumzikia, 4000K uko katikati, 6500K ni ule mweupe unaokaribia ubluu. Chini ya mwanga wa 2700K bluu nzito inapoteza ubluu wake, inakuwa kama kijivu cheusi, kwa sababu mwanga wenyewe una ubluu mdogo wa kurudishwa. Krimu chini ya hiyohiyo inapendeza, inapata joto. Washa 6500K uone, bluu inafufuka, krimu inapoteza joto na kubaki imepauka.

Namba nyingine ni CRI, inayosema balbu inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani, ya juu kabisa ni 100. Za kawaida ziko kwenye 80, tafuta ya 90 kwenda juu kwa chumba unachokijali. Chagua balbu utakazoishi nazo, zifunge, ndo uanze kupima rangi. Ukipima kwa balbu za zamani na kubadilisha baadaye umepima chumba kingine.

Hatua ya 4: mbao za majaribio

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na kama utafanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu basi fanya hii.

Nunua kikopo kidogo cha kila rangi, kile cha majaribio au kiasi kidogo kabisa wanachouza. Tafuta vipande viwili vya hadibodi au plaiwudi au hata kadibodi ngumu, visiwe vidogo, angalau sentimita 60 kwa 60. Kikadi cha dukani ni kidogo mno, jicho linachanganya na vyote vilivyokizunguka. Paka praima nyeupe kwanza, ile ya kutangulia chini ya rangi, alafu rangi mara mbili kwa rola ndogo, sio brashi, maana ukutani itapigwa rola na chembechembe za rola zinabadilisha jinsi mwanga unavyotua. Acha ikauke kabisa, ulale uamke. Rangi ya maji ikiwa mbichi inaonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa, ikikauka inashuka giza, kwahiyo usiipende wala kuichukia ikiwa bado inang'aa unyevu.

Kwanini ubao na sio kupaka ukutani moja kwa moja? Sababu ya kwanza ukuta una rangi ya zamani inayodanganya jicho. Ya pili ubao unatembea, unauhamisha kona hadi kona, na ukuta wa dirishani na ukuta unaotazamana na dirisha ni kama vyumba viwili tofauti kwa mwanga. Ya tatu ile mistari ya mwisho wa kiraka ulichopaka inabaki imevimba, na ukija kupaka rangi ya kweli juu yake inajitokeza hasa taa ikiwa ya pembeni, itabidi upige msasa.

Ubao usimamishe wima ukutani, usiulaze sakafuni wala mezani. Ukiulaza unapokea mwanga wa dari moja kwa moja na unaonekana mwangavu kuliko ukuta utakavyokuwa. Weka pembeni yake kitu kutoka kwenye ile orodha yako, mto wa kochi, kipande cha pazia, na chini yake uone sakafu. Kama ukuta wa sasa una rangi kali, bandika karatasi kubwa nyeupe nyuma ya ubao ili ile kali isiingilie.

Angalia asubuhi, mchana, jioni, na usiku taa zimewaka, siku kama tatu, ikiwezekana moja iwe ya mawingu. Ila zile saa ulizoandika hatua ya kwanza ndo zenye uzito, nyingine ni za kujiridhisha tu. Kama sebule ni ya usiku na bluu inapendeza saa nne asubuhi tu, bluu imeshindwa hapo, hata kama saa nne asubuhi inatoa machozi.

Na tafadhali usiamue kwa picha ya simu. Kamera ya simu inasawazisha weupe yenyewe bila kukuuliza, ikiona manjano mengi inayapoza, ikiona ubluu mwingi inaupasha, unamtumia dada yako picha anakwambia mbona hiyo krimu ni nyeupe, na yeye hasemi uongo, kwenye picha ni nyeupe kweli.

Hatua ya 5: usizitazame pamoja

Hii inawashangaza wengi kwa sababu silika inasema ziweke bega kwa bega ulinganishe. Kwa rangi zinazopingana huo ndo mtego. Krimu ikikaa pembeni ya bluu nzito inaonekana ya manjano na nyeupe kuliko ilivyo, na bluu inaonekana nzito zaidi kuliko ilivyo, kila moja inamsukuma mwenzake mbali. Unabaki unalinganisha rangi mbili ambazo hazitakuwepo ukutani.

Jambo lenyewe la zamani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa anasimamia utiaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins huko Paris, wanakofuma yale mazulia ya kutundika ukutani, malalamiko yakaja kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Akachunguza akakuta nyuzi hazina tatizo, tatizo ni rangi zilizofumwa pembeni yake. Kitabu chake kuhusu hilo kilitoka 1839, na mpaka leo ndo kinachotokea mtu akishika kadi mbili mkononi pale dukani.

Kwahiyo weka ubao mmoja chumbani, mwingine ufiche kabisa. Kaa na mmoja siku nzima, usiku uubadilishe. Jicho nalo linazoea, ukikaa na bluu kwa muda alafu ukageukia kitu cheupe kinaonekana kina umanjano, basi kati ya ubao na ubao toka nje kidogo, angalia mbali, ndo urudi.

Zitazame pamoja kwa sababu moja tu, kama unafikiria kuzitumia zote mbili. Hilo linakuja mbele.

Hatua ya 6: boksi

Ubao mmoja hauonyeshi jambo moja kubwa, ambalo ni kuta kurushiana rangi. Ukuta wa krimu unamrushia mwenzake mwanga wa krimu, yule anaurudisha ukiwa umekolea zaidi, na kwa kuta nne inafika mahali rangi iliyokuwa ya kistaarabu kwenye kadi imekuwa ya kelele. Ndo maana unasikia mtu anasema walinichanganyia vibaya, wakati walichanganya sawasawa.

Chukua boksi la kawaida la katoni, kubwa kadiri utakavyopata, paka ndani pande zote mara mbili, kata dirisha upande mmoja kwa kiasi kinachofanana na dirisha lako, na kitundu cha kuchungulia upande mwingine. Liweke karibu na dirisha la chumba chenyewe, dirisha lake likielekea nje, chungulia. Inafanana na mchezo wa watoto lakini jaribu tu. Utaona kwenye pembe za ndani, pale kuta mbili zinapokutana, krimu imegeuka karibu manjano, na ukilinganisha na ubao wako huwezi kuamini zimetoka kopo moja. Kama ndani ya boksi krimu imezidi, panda ngazi moja juu kwenye kadi, chukua ile nyepesi zaidi ya familia ileile. Bluu yenyewe inakuonyesha kitu kingine, kwamba kwenye pembe inakuwa nyeusi tupu na ubluu unaonekana tu pale mwanga unapogusa. Kuna wanaoipenda hiyo hali, mi mmoja wao kwa chumba cha kulala, lakini uione kwanza.

Hatua ya 7: ukuta wako na watu wako

Hapa nitapita haraka. Rangi nzito yenye mng'ao inaonyesha kila kovu la ukuta, kila mkunjo wa skimu (ile lipu laini ya juu), kila mahali fundi alichoka. Ukitaka nzito na ukuta wako haujanyooka, chukua isiyong'aa. Ila nzito isiyong'aa nayo ina kasoro yake, ukiisugua au mgongo wa kiti ukiigusagusa inabaki na alama zinazong'aa, na vumbi linaonekana juu ya sketingi. Krimu inaonyesha vidole karibu na swichi na mlango, na mafuta jikoni, ila inafutika ukichukua yenye mng'ao kidogo. Nyumba yenye watoto wadogo, nusu ya chini ya ukuta haiamuliwi na wewe. Angalia na swichi na soketi, kama ni nyeupe zitatoka kama macho kwenye bluu.

Ukuta wenye unyevu hauna rangi. Tibu unyevu kwanza, iwe krimu iwe bluu zitavimba na kubanduka zote, na chumvi nyeupe inaonekana haraka zaidi kwenye nzito. Plasta mpya ya simenti iache ikauke, kawaida siku 28 kwenda juu, alafu praima inayostahimili alkali, ule ukali wa simenti. Nyumba ya zamani sana inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi chini, usiipige msasa mkavu, vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto.

Na kama mnagombana wawili kwamba hii ni kijivu na mwingine anasema ni kijani, msitukanane. Kuna watu, wanaume zaidi, ambao macho yao hayatofautishi vizuri wekundu na ukijani, na wengine hawajawahi kujua. Wote wawili mnaweza kuwa mnasema mnachokiona.

Hatua ya 8: vipi zote mbili?

Inawezekana, na mara nyingi ndo jibu zuri, ila sio kwa kugawa nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu chumba hakijui ni cha nani. Moja iwe mwenye nyumba, nyingine mgeni, kama robo hivi ya kuta au pungufu. Na kwa jozi ya giza na mwanga, mara nyingi ya mwanga ndo inafaa kuwa mwenye nyumba, labda chumba kiwe na mwanga mwingi au kiwe cha usiku kwa makusudi.

Nzito iende ukuta gani? Kosa ninaloliona sana ni kuiweka kwenye ukuta wenye dirisha. Mchana dirisha linawaka katikati ya giza, jicho linaumia, na ukuta wenyewe unaonekana mweusi tu kwa sababu mwanga unatokea nyuma yake. Iweke kwenye ukuta unaotazamana na dirisha au wa pembeni yake, pale mwanga unatua na ubluu unaonekana. Nyuma ya TV inafaa sana ikiwa isiyong'aa, inapunguza mwanga unaorudi machoni. Kwenye korido ndefu, ukuta wa mwisho ukiwa mzito unasogea karibu na korido inaonekana fupi. Nyuma ya kichwa cha kitanda pia pazuri, na una faida kwamba ukilala huuoni, unaona ile nyepesi.

Kugawa ukuta mmoja juu na chini nako kunafaa, nzito chini na nyepesi juu, hasa kwenye korido na vyumba vya watoto. Usikate katikati kabisa, kata kama theluthi moja, sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Na rangi inapoishia iishie kwenye kona ya ndani. Ikiishia kwenye kona inayotokeza nje, hata fundi mzuri mstari utamsumbua, na ukipita pembeni unaona unene wa rangi kama umebandika karatasi.

Hatua ya 9: kata shauri

Sasa una karatasi yenye saa, una mbao mbili, una boksi. Kaa chumbani saa ile yenye uzito, ubao mmoja ukiwa umesimama, fanya kile unachofanyaga humo, kula, kusoma, kuangalia mpira. Usiutazame. Baada ya muda ukijikuta umeusahau ubao na umetulia, hiyo rangi inakaa. Ukijikuta unarudisha jicho kila dakika, ama unaipenda kupita kiasi ama inakukera, na ukutani ikiwa kubwa hali zote mbili zinachosha.

Kama bado ngoma droo, anza na ile nyepesi. Sababu ni ya kazi tu: kutoka krimu kwenda bluu ni kupaka juu, kutoka bluu kurudi krimu ni praima na makoti ya ziada, yaani kupaka tena na tena, mpaka ile nzito iache kuchungulia. Nyepesi inakuachia mlango wazi. Hapa najua kuna watakaosema huo ni woga, sawa, lakini wao sio watakaopanda ngazi.

Hatua ya 10: hesabu na kupaka

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7: mzunguko ni mita 15, zidisha na 2.7 unapata mita za mraba 40.5. Toa mlango wa kama 1.9 na dirisha la 1.8, inabaki karibu 36.8. Lita moja ya rangi ya maji inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja kwenye ukuta laini, tumia 10 uwe salama, kwahiyo koti moja ni lita 3.7 na makoti mawili ni kama 7.4. Krimu juu ya ukuta mweupe mawili yanatosha. Rangi nzito hesabu matatu, lita 11, kwa sababu rangi za kukolea zinachanganywa kwenye rangi ya msingi yenye kiasi kidogo sana cha ile poda nyeupe ya titani, na hiyo poda ndo inayoficha ukuta. Nyekundu na manjano kali ndo zinasumbua kuliko zote, unaweza ukapaka mara ya nne bado unaona chini. Dawa yake ni praima ya kijivu kwa rangi nzito badala ya nyeupe, muulize muuzaji akuchanganyie.

Nunua yote siku moja na uangalie namba ya toleo kwenye makopo zifanane. Hata zikifanana, mimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa ukoroge, ndo uanze kupaka, la sivyo kopo la pili linaweza kuanza katikati ya ukuta na tofauti ikaonekana.

Kwa mstari unaokutanisha rangi mbili, paka nyepesi kwanza ipite kidogo mpaka ng'ambo, iache ikauke vizuri. Bandika tepu ya karatasi kwenye mstari, ibonyeze ukingo wake kwa kucha au kadi ngumu. Sasa fundi wengi wanaanza nzito hapohapo, na nzito inapenya chini ya tepu. Wewe pitisha kwanza ile nyepesi juu ya ukingo wa tepu, hiyo ndo ipenye na kuziba matundu, ikikauka ndo upige nzito. Tepu ivute koti la mwisho likiwa bado halijakauka sana, taratibu, kwa kuirudisha nyuma juu yake yenyewe. Mstari unatoka kama wa wembe.

Koti la kwanza la bluu litakutisha, litakuwa na mawingu, mabaka, mahali pengine unaona ukuta wa zamani. Usimpigie mtu simu, usikimbilie kurudishia brashi kwenye sehemu zilizoanza kukauka maana ndo unazidisha mabaka. Subiri saa zilizoandikwa kwenye kopo, mara nyingi 2 hadi 4, upige la pili. Rangi ihukumu baada ya koti la mwisho kukauka na samani kurudi ndani, chumba kitupu kinarusha mwanga tofauti kabisa na chenye kochi na zulia. Na usiuoshe ukuta mapema, rangi ya maji inashikika kavu ndani ya saa chache lakini kukomaa kabisa inaweza kuchukua kama mwezi.

Iliyobaki usiiache kwenye kopo kubwa lenye hewa nyingi, itaota ngozi. Hamishia kwenye chupa ndogo yenye mfuniko wa kubana, ijae karibu mpaka juu, ubandike karatasi yenye jina la rangi, namba yake, aina ya mng'ao, chumba na mwezi uliopaka. Kiti kikikwaruza ukuta, utachovya kibrashi kidogo humo, uguseguse pale tu palipokwaruzika.